Bi Sikudhani na Neno Lililofutwa

Ipo nchi, na kama haipo basi ipo jirani yake. Jina lake halitatajwa hapa, maana yenyewe nayo haikupata kumtaja mtu wa kitongoji cha Mikwajuni hata mmoja, ila kila baada ya miaka mitano, tena kwa haraka haraka na kipaza sauti kikikoroma. Ilikuwa nchi ya amani. Amani ilikuwa nyingi mno hata ikabidi ilindwe na askari kwa zamu.

Katika nchi hiyo kulikuwa na Sheria ya Maneno. Wakubwa waliitunga wenyewe, kwa mikono yao, wala hawakusumbua mtu. Sheria ilisema kwamba hakuna mwananchi atakayeshtakiwa kwa tendo ambalo neno lake halimo katika Kamusi ya Taifa. Ilipitishwa Jumatatu. Jumanne Baraza la Maneno likaagizwa lifute neno "rushwa". Jumatano likafutwa "ufisadi" na jamaa zake wote wa karibu. Tangu hapo ikapita miaka kumi na mmoja bila mtu kushtakiwa kwa mambo hayo, na nchi ikatunukiwa cheti cha usafi, chenye fremu, kikatundikwa ukumbini kwa Mtukufu Kiongozi, pale penye kiyoyozi.

Walipoonja utamu wa kufuta, mkono haukutulia. Wakafuta "njaa", ikabaki "hamu ya chakula". Kisha wakafuta "zomea". Hilo lilitokana na siku Mtukufu Kiongozi alipokwenda uwanja wa mpira, akasikia sauti asiyoielewa ikitoka upande wa jua, kule wanakokaa watu wasio na paa. Iliundwa tume. Ilichunguza miezi saba, ikagundua kuwa ule ulikuwa upepo. Lakini ili upepo usirudie, neno likafutwa.

Mikwajuni hawakujua kama limefutwa. Kamusi yenyewe hawakuwa nayo. Wao walikuwa na Bi Sikudhani.

*

Bi Sikudhani alikuwa msusi wa mikeka. Kazi hiyo inataka ukindu, vidole, na maji ya kuloweka, maana ukindu mkavu hukatika mkononi kama biskuti. Ukindu alikuwa nao. Vidole alikuwa navyo, vyote kumi, ingawa viwili vilishaanza ubishi. Maji ndiyo aliyoahidiwa. Aliahidiwa akiwa na meno yote, akaahidiwa tena akiwa na nusu, na sasa alikuwa amebakiwa na machache ya kuchekea watu tu, ndipo bomba lilipofika.

Lilikuja na nguzo yake ya saruji iliyopakwa rangi ya bluu. Siku ya kulizindua alikuja Waziri wa Maji na Matumaini, Mheshimiwa Injinia Shekivuli, na msafara wa magari uliotimua vumbi hadi likaingia kwenye vyungu vya watu. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amewafundisha wananchi kupiga makofi kwa wiki mbili, daraja tatu: makofi ya kawaida, makofi mazito, na makofi mazito yenye machozi. Bi Sikudhani alikaa mstari wa pili na kanga yake mpya, ndoo mpya ameibana kati ya miguu.

Waziri akakata utepe kwa mkasi ulioletwa juu ya mto. Akafungua koki. Bomba likasema "fff". Halafu akatoka mjusi, mwembamba, akawatazama wageni rasmi mmoja mmoja, akarudi ndani.

Bendi ikapiga upesi. Waziri akanyoosha tai, akawaambia wananchi kwamba maji ya kisasa hayana papara, na kwamba maji si lazima yaonekane ndipo yawepo, mbona hewa hatuioni na tunaivuta. Mwenyekiti akainua vidole vitatu. Wakapiga makofi yenye machozi. Wengine machozi yalikuwa ya kweli.

Bi Sikudhani hakupiga. Alikuwa mfupi, kwa hiyo aliigeuza ile ndoo mpya kichwa chini, akapanda juu yake, akasema kwa sauti ile ile anayouzia mikeka gulioni:

"Mheshimiwa, bomba halina maji."

Kisha akavuta pumzi.

"Ziiiii."

Ziii yake ilikuwa ndefu, imenyooka, haina tusi ndani yake. Makofi yakakatika, mikono ya watu ikabaki hewani haijui pa kwenda. Waziri akasema jambo kuhusu ratiba, akaelekea garini. Bi Sikudhani akashuka kwenye ndoo, akamfuata nyuma hatua kwa hatua, ziii, ziii, hadi mlango wa gari ulipofunguliwa. Hapo akanyamaza. Akajitanda kanga vizuri, akaokota ndoo yake, akaenda zake kutazama maharage jikoni.

Walimkamata alasiri. Maharage yalikuwa hayajaiva.

*

Pale kituoni Inspekta Chambuso alifurahi, kwa sababu kesi ilikuwa nyepesi. Kumzomea waziri kifungo chake miezi kumi na minane, hata mtoto wa chekechea alijua. Akachukua fomu, akafungua Kamusi ya Taifa ili anakili neno kama sheria inavyotaka, akalowesha kidole kwa mate. Akaona "zohali". Akafunua. Akaona "zonga". Akarudi nyuma, akadhani kurasa zimeshikana, akazipuliza. Zohali, zonga. Kati yao hapakuwa na kitu.

Akajaribu "fujo". Kamusi ikamwambia fujo ni vurugu inayovunja vitu. Akamtuma koplo Mikwajuni akatazame kilichovunjika. Koplo akarudi na jibu kwamba kibovu ni bomba peke yake, na hilo lilikuja hivyo hivyo. Akajaribu "tusi". Kamusi ikataka tusi lenyewe liandikwe. Inspekta akaandika "bomba halina maji", akaisoma, akaisoma tena, akaikata.

Bi Sikudhani alikuwa amekaa kwenye benchi, anamwonea huruma.

"Mwanangu, andika nilizomea," akamwambia. "Mbona jepesi."

"Bibi, neno hilo halipo."

"Halipo vipi, na mimi nimelifanya leo saa nne?"

Inspekta akajibu kuwa kufanya ni jambo moja na kuwepo ni jambo jingine, akaomba maelekezo makao makuu. Bibi akalazwa mahabusu akisubiri kosa lake lipatikane.

Kesho yake makao makuu yakamtuma Afisa Mahusiano, kijana aliyenukia sabuni, na karatasi iliyokwisha kuchapwa. Iliandikwa hivi: "Mimi, Sikudhani, nilimshangilia Mheshimiwa Waziri kwa sauti ya asili ya kwetu." Chini paliachwa nafasi ya saini, au dole gumba kwa asiyejua kuandika. Afisa akamweleza kwa upole kwamba akisaini anarudi nyumbani mchana huo huo, na kwa gari.

Shoga yake Bi Mwantumu alikuwa amemletea uji, akaisikia habari ile, akashika kichwa.

"Shoga, saini," akasema. "Harusi ya Semeni ni mwezi wa kumi na mkeka wake hata nusu haujafika. Utaozesha mjukuu juu ya gunia?"

Bi Sikudhani akaishika karatasi. Kuandika alijua, alifika darasa la nne. Akaisoma kwa kufuatisha kidole, akafika kwenye "nilimshangilia", kidole kikagoma.

Kisa chake ni cha zamani. Mwaka mmoja wa kiangazi, yeye akiwa bado mwali, kisima cha Mikwajuni kilibaki na maji ya kukwangua kwa kata, na wanawake wakapanga foleni tangu alfajiri. Yeye akapenya. Alijifanya anamsalimia mtu mbele, akateka ndoo nzima, akajitwika. Hakufika mbali. Mama mmoja akalitaja kosa lake kwa sauti, jinsi lilivyokuwa, bila kuongeza chumvi: Sikudhani amepita foleni. Na wengine wote wakaitikia ziii, wakamfuata nyuma njia nzima, maji yanamwagikia mabegani na machozi yanashindana nayo. Mlangoni kwao wakanyamaza, wakageuka. Alifikiri hatatoka tena nje mpaka azeeke. Asubuhi yake akaenda kisimani kwa kujificha, na yule mama aliyemtaja ndiye aliyesogea akampa nafasi kwenye foleni, akamwuliza hali ya bibi yake. Habari ilikuwa imekwisha. Kwa watu wa Mikwajuni, aliyezomewa alikuwa mtu wao. Asiye wao hawakumzomea, walimwacha apite kama mbuzi wa kijiji kingine.

Ndiyo maana kidole kiligoma.

"Mimi nilizomewa nikakubali," akamwambia yule kijana, akamrudishia karatasi yake. "Huyo waziri ana nini cha zaidi? Na kushangilia najua, baba. Nilishangilia siku ulipozaliwa wewe na wenzako tukidhani mtatufaa. Sijasahau inavyokuwa."

Bi Mwantumu akamimina uji. Alimjua.

*

Waziri Shekivuli alipopata habari, hakukubali. Hakutaka bibi aachiwe na hakutaka afungwe kwa kosa dogo dogo. Alitaka ile miezi kumi na minane, yote, kwa kosa lenyewe na kwa jina lake. Akaliomba Baraza la Mawaziri lirudishe neno "zomea" kamusini, japo kwa muda wa kesi tu. Likakubali.

Sasa likaja gumu. Neno haliingii kamusini hivi hivi. Sheria ilitaka liwe na maana, na baada ya maana uje mfano wa matumizi, sentensi kamili yenye mtu anayezomea na mtu anayezomewa. Baraza la Maneno likakaa siku tisa juu ya sentensi hiyo. Mtu wa kwanza akapendekeza: "Watu walimzomea mwizi." Mjumbe mmoja akakohoa, akakumbusha kuwa wezi wana ndugu zao, na baadhi ya ndugu hao wamo humu humu ukumbini. Wakajaribu golikipa, lakini timu ya taifa ilikuwa chini ya mke wa Mtukufu Kiongozi. Wakajaribu mkoloni, Wizara ya Mambo ya Nje ikaomba wasubiri, kuna mazungumzo yanaendelea vizuri. Wakajaribu shetani, na kwa shetani walikaribia sana kukubaliana, ila katibu akauliza watu watafikiri anayesemwa ni nani. Wote wakatazama meza.

Mwisho wakaona njia. Sentensi pekee isiyoweza kumponza mtu ni ile iliyotoka mahakamani, imethibitishwa, ina muhuri. Kwa hiyo maana itachukuliwa kwa mshtakiwa mwenyewe, aliye mtaalamu, na mfano utachukuliwa kwenye hukumu. Wakamtuma Bwana Lauriani.

Bwana Lauriani alikuwa mtunza kadi wa Baraza, mwembamba, miwani imefungwa uzi. Kila neno la nchi alikuwa amewahi kuliandika kwenye kadi kwa mkono wake, na yale yaliyofutwa aliyahifadhi nyumbani kwenye boksi la viatu, chini ya kitanda, kwa kuwa hakuwa na moyo wa kuyatupa. Alikaa kwenye sakafu ya mahabusu mbele ya Bi Sikudhani, kalamu mkononi, akamwamkia shikamoo kama mtoto wa shule. Akamwomba amweleze kuzomea ni nini.

Bibi akamweleza. Akasema kwanza unamtajia mtu kosa lake. Halafu iwe usoni kwake, si kisogoni, maana kisogoni ni kusengenya. Iwe mchana, watu wakiona. Umsindikize kwa ziii hadi mlangoni kwake, na mlangoni ukome. Bwana Lauriani akaandika yote, akapuliza wino.

"Na sababu iwe ya kweli," Bi Sikudhani akasema. "Weka hilo."

"Ni lazima, bibi?"

"Kama si ya kweli, huko ni kusingizia. Neno jingine hilo. Unalo?"

Bwana Lauriani akamwambia analo, herufi ya S, halijafutwa. Akaongeza kwenye kadi: kwa sababu ya kweli. Alipokuwa anatoka alisimama mlangoni kidogo, akasema bila kugeuka kwamba ni muda mrefu hajaandika kadi iliyomnyoosha mgongo namna ile.

*

Siku ya kesi watu walijaa hadi madirishani. Hakimu Ndelembi aliisoma ile maana kwa sauti, akaisifu kwa ufupi wake, kisha akagundua kilichomo. Akaivua miwani.

Akaeleza hivi. Ikiwa sababu aliyoitaja mshtakiwa si ya kweli, yaani bomba lina maji, basi hakuzomea, amesingizia. Na kusingizia adhabu yake ni kufagia soko siku tatu. Lakini ikiwa bomba kweli halina maji, basi amezomea, kosa limetimia, na ni miezi kumi na minane.

Watu wa Mikwajuni hawakuelewa mara moja, ikabidi waelezane. Wakili wa serikali alielewa, akaanza kutoa jasho, akamnong'oneza Waziri kwamba pengine siku tatu za kufagia zingetosha, soko lenyewe ni kubwa.

Waziri Shekivuli akakataa katakata. Akainuka mwenyewe, akaomba apande kizimbani kutoa ushahidi. Akala kiapo. Akasema kwa sauti ya majukwaani:

"Mheshimiwa Hakimu, nathibitisha mbele ya mahakama hii tukufu kwamba bomba la Mikwajuni halina maji, halijawahi kuwa na maji, na wala halikutarajiwa kuwa nayo."

Ili pasibaki shaka, akaagiza kielelezo kiletwe. Askari wawili wakaingia na bomba lenyewe na nguzo yake ya bluu. Walikuwa wameling'oa asubuhi, likatoka kwa mkono mmoja kama muhogo. Wakalilaza mezani. Mkuu wa mafundi wa wizara akaonyesha kwa fimbo sehemu ya chini, ambako kwa kawaida huanzia mpira au bomba la kupitishia maji, akathibitisha kitaalamu kwamba hapakuwa na kitu, ni udongo. Waziri akaitikia kwa kichwa, kifua mbele, kama mtu anayepewa nishani. Yule mjusi akatoka, akamtazama Hakimu, akashuka kwa mguu wa meza.

Hapakupigwa makofi ya daraja lolote. Palipita pumzi ndefu tu, ukumbi mzima, ya watu waliokuwa wanajua jambo kwa miaka na sasa limeapiwa.

Hakimu Ndelembi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kungojea pensheni. Akamgeukia Bi Sikudhani, akampa nafasi. Akamwambia, kwa sauti ya chini iliyokaribia kuwa ya ombi, kwamba mtu huweza kukosea, macho ya uzeeni hayaoni vizuri, pengine siku ile maji yalitoka kidogo yeye hakuyaona.

"Mama, nakuuliza mara moja. Sababu uliyoitaja ilikuwa ya kweli au ya uongo?"

Bi Mwantumu, kule nyuma, alikuwa anaunda neno "uongo" kwa midomo, waziwazi, hadi kanga ikamteleza kichwani. Siku tatu. Kufagia soko siku tatu ni kitu gani, wangelifagia wote pamoja, wangepiga na soga.

Bi Sikudhani alimwona. Aliufikiria pia mkeka wa Semeni, umeegemea ukutani umekunjwa, ukindu unakauka. Miezi kumi na minane kwa umri wake si kitu cha kuazima. Akatazama lile bomba mezani, na uchafu wake wa udongo.

"Ya kweli," akasema. "Na Mheshimiwa ni shahidi wangu."

*

Gereza, jamani, lilikuwa na maji. Bomba la uani lilimwagika mchana kutwa, hata walinzi wakawa wanalalamika tope. Bi Sikudhani alipoliona alisimama mbele yake muda mrefu, akacheka peke yake. Siku ya pili akaomba Bi Mwantumu amletee mkeka na ukindu wake, akaloweka, akauendeleza ule wa mjukuu wake hapo hapo uani. Wanawake wenzake wakajifunza. Mnyapara wao, Mama Kijoka, aliyekuwa hacheki na mtu, akawa anasuka kwa vidole vinene na kufumua, anasuka na kufumua.

Huku nje Kamusi ikachapwa. Kila mtu aliridhika. Kwenye herufi ya Z, kati ya zohali na zonga, palisomeka hivi: "zomea: kumtajia mtu kosa lake usoni, mchana, mbele ya watu, kwa sababu ya kweli, na kumsindikiza kwa sauti ya ziii hadi mlangoni kwake. Mfano: Bi Sikudhani alimzomea Waziri wa Maji kwa sababu bomba halikuwa na maji."

Hawakukumbuka jambo moja. Kulikuwa na agizo la zamani, walilolitoa wenyewe siku za kutangaza uzalendo, kwamba kila neno jipya la Kamusi ya Taifa lifundishwe katika shule zote za msingi kwa wiki nzima, na kila mwanafunzi atunge nalo sentensi kumi. Agizo lilikuwa halijafutwa. Nani angelifuta, lilikuwa zuri.

Ng'ambo ya ukuta wa gereza kulikuwa na shule. Jumatatu asubuhi Bi Sikudhani alisikia darasa zima likisoma kwa sauti moja jina lake, na la waziri, na la bomba. Akaacha kusuka, akakohoa. Mama Kijoka akamwuliza kama amemeza ukindu.

Kisha zikaja sentensi. Tulimzomea mkandarasi kwa sababu daraja limeishia katikati ya mto. Mama alimzomea mganga mkuu kwa sababu zahanati ina bendeji tu. Babu anataka kumzomea mbunge wetu lakini hajui mlango wake uko wapi. Walimu wakajikuna vichwa. Maana ya neno ilidai sababu iwe ya kweli, kwa hiyo kabla ya kuweka vema ilibidi mwalimu aende kutazama. Wakaenda. Wakatazama daraja, wakatazama zahanati, wakarudi na vumbi, wakaweka vema. Wilaya nzima watoto wakapata kumi kwa kumi, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu shule zijengwe.

Madaftari yakapelekwa Baraza la Maneno, kama agizo lilivyotaka. Bwana Lauriani akayapokea kwa mikono miwili. Kanuni zilisema sentensi yoyote iliyowekewa vema yafaa kuwa mfano wa matumizi, naye alikuwa mtu wa kanuni. Toleo la pili la Kamusi lilipotoka, neno "zomea" lilikuwa na kurasa arobaini na tatu, likawa limelipita "pongeza" kwa mbali. Wakampelekea Mtukufu Kiongozi nakala yenye jalada la ngozi. Akaifungua katikati, ikafunguka yenyewe hapo hapo penye unene.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, neno likafutwa tena.

*

Saa nne ya Alhamisi ile ile Waziri Shekivuli akafika gerezani mwenyewe, na Inspekta Chambuso kabeba Kamusi. Mambo yalikuwa yamemgeukia. Neno likiwa halipo, kosa halipo. Na kosa lisipokuwapo, gereza lilikuwa limeshika mtu bure, na watu wa nje walikuwa wanauliza. Aliagizwa amtoe bibi huyo siku ile ile, ila kwanza asaini kwamba hakuna kilichotokea.

Wanawake walikuwa uani wanakunywa chai kwa vikombe vya udongo, jua limewaka. Waziri akaweka karatasi juu ya meza ya mnyapara, akaweka na kalamu yake, ya kung'aa. Kwa kuwa neno lilikuwa limefutwa, hata karatasi ya serikali haikuruhusiwa kuliandika. Iliandikwa: "Mimi, Sikudhani, sikumfanyia Mheshimiwa Waziri lile."

Bi Sikudhani akaisoma kwa kufuatisha kidole.

"Lile lipi, mwanangu?"

Waziri akasema lile analolijua. Bibi akasema yeye ni mzee, amefanya mengi. Waziri akasema lile la siku ya bomba. Bibi akasema siku ya bomba alifanya mengi pia, alivaa kanga mpya, alipika maharage. Inspekta akaangalia viatu vyake. Waziri akafura shingo.

"Ulinizomea," akasema.

"Kumbe unalijua," akasema Bi Sikudhani.

Akaweka kikombe chake chini, taratibu, mbali na miguu ya watu. Mama Kijoka akamtazama, akaweka chake. Wengine nao wakaviweka vyao, mmoja mmoja, kwenye mstari kando ya ukuta. Bi Sikudhani akasimama. Ndoo haikuwapo, akapanda kwenye ngazi ya bomba la uani.

"Mheshimiwa," akasema, "bomba letu halina maji, na wewe uliapa kwamba ulijua."

Ziii iliyotoka hapo ilikuwa ya wanawake sitini na wawili, na askari jela wawili walioitoa puani. Ikavuka ukuta. Ng'ambo, darasa la Alhamisi likaipokea, na mwalimu hakulikataza, alikuwa bado na vumbi la daraja kwenye viatu. Wakamsindikiza Waziri toka mezani, wakapita penye tope, hadi geti ambalo mlinzi alikuwa amelifungua yote, hadi mlango wa gari. Hapo wakakoma, wote kwa mara moja. Wakarudi kwenye chai.

Ndani ya gari Waziri alikuwa anapiga kelele wakamatwe. Inspekta Chambuso alifungua Kamusi juu ya boneti. Zohali, zonga. Akafikiria fujo, akarudi uani kutazama kilichovunjika. Vikombe vilikuwa kwenye mstari wake, vizima vyote, vinafuka mvuke.

"Limebaki fungu la mwisho," Bi Sikudhani akamwambia, yuko chini anamalizia pindo la mkeka. "Ukindu umeshalowa, siwezi kuuacha. Nishikie upande huo, mwanangu, usiburute."

Kosa la kumzuilia halikuwamo, basi Inspekta akaiweka Kamusi kwenye ngazi ya bomba, akashika. Mkeka wa Semeni ukatoka getini ukiwa na unyevu bado, watu wawili wameubeba, mmoja wao amevaa magwanda.

Ile karatasi ilibaki mezani bila saini. Kalamu ya Waziri bibi aliondoka nayo. Ana mjukuu mwingine yuko darasa la nne, na katika zile sentensi kumi, tatu alikuwa bado hajaziandika.